Foronya Hutoka Pembeni mwa Shuka



Shuka la kitanda hufia katikati. Pale panapolaliwa na mabega na viuno ndipo linapokonda, likawa kama ganda la kitunguu, hadi usiku mmoja kidole cha mguu kinapenya na kufika asubuhi ufa umeshuka mpaka magotini. Lakini pembeni, kule kunakochomekwa chini ya godoro, shuka hilo hilo bado lina nguvu zake. Halijalaliwa, halijanywa jasho, halijasuguliwa ila siku ya kufuliwa. Basi anayelichukua zima zima akaligeuza tambara la deki ametupa nguo nzima pamoja na nguo mbovu.

Na huko pembeni ndiko zinakotoka foronya.

Habari hii nimeichukua Chundwa. Kwa asiyefika, Chundwa ni kijiji cha Wabajuni upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Pate, jirani na Mbwajumwali, Myabogi na Kizingitini. Kutoka Lamu mjini unapanda boti, mnapita mlango wa Mkanda ikiwa maji yanaruhusu, kisha mnaiacha mikoko nyuma na safari inaendelea. Kila kitu cha duka kinachofika huko kimeshalipiwa boti, na kabla ya boti kimelipiwa lori kutoka Mombasa. Foronya ya dukani nayo hulipa nauli hiyo hiyo, halafu ukiifua mara chache rangi yake inahamia kwenye maji. Baada ya sala ya alasiri, pale barazani, mmoja ameshika kofia ya vito anaizungushia sindano, wa pili ana kipande cha shuka mapajani. Mkono unaojua kuzungushia vitundu vya kofia hauwezi kushindwa na mshono ulionyooka.

Bibi mmoja alinipokonya shuka nililokuwa nimemletea, akaliinua mlangoni penye mwanga, akalivuta polepole kama anayesoma barua. "Mwanangu, hapa limekufa," akasema, akapawekea kidole. Akasogea mpaka ukingoni. "Hapa li hai." Hakutumia futi wala chaki. Alipasua kwa meno mwanzo wa ukingo, akachana kwa mikono miwili, na nguo ikafuata uzi wake moja kwa moja mpaka mwisho. Nguo ya pamba ukiichana hivyo hujinyoosha yenyewe. Mkasi wenye mkono usiozoea ndio unaokwenda upogo.

Kazi yote ya foronya ya nguo kuukuu iko katika kuchagua. Kushona kutafuata, na si kugumu. Kwanza mwanga: inua nguo dirishani, na palipo na weupe wa kuonyesha upande wa pili, paache. Pili vidole gumba: viweke viwili karibu karibu, vuta nguo kwa marefu, kisha kwa mapana. Ikilia, imekwisha. Tatu, chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti, mbali na watoto na mbali na makuti. Uzi wa pamba huungua ukanuka karatasi, ukaacha jivu jepesi. Poliesta hujikunja, ikayeyuka, ikabaki kijidonge kigumu cheusi. Hilo la tatu wengi hawalifanyi, nami nadhani ndilo muhimu kuliko yote, maana siku hizi leso nyingi na madera mengi yamejaa poliesta, na poliesta chini ya shavu wakati wa kaskazi ni adhabu. Hainywi jasho. Unaamka na shingo imelowa na mto umekuhama, kwa sababu nguo hiyo pia inateleza.

Buibui kuukuu liache kwa sababu hiyo hiyo. Pazia lina nguvu, ila jua hulichoma kwa mistari, na mstari uliochomwa huonekana mzima hadi sindano ipite. Lifae takia la barazani, si mto wa kulalia. Kikoi ni kizuri mno, kimefumwa kwa nguvu, lakini kikoi cha mvuvi kina chumvi ya miaka ndani yake na lazima kilowekwe usiku kucha. Na kanzu, enyi wanaume mnaoziweka kabatini zikipasuka kwapa, mgongo wa kanzu ni kitambaa kisichoguswa na mtu. Tutarudi kwenye kanzu.

Nguo kuukuu ina fadhila moja ambayo mpya haina: imeshakunywa maji yake yote. Haitasinyaa tena. Ukishona foronya kwa kitambaa kipya bila kukiloweka, ikifuliwa mara ya kwanza mto hauingii. Tena ile gundi ya dukani imeshatoka, nguo imelainika, na mtoto mwenye ngozi ya harara hulala juu yake bila kujikuna.

Sasa atakaye kuandika achukue kalamu. Mto wa kawaida una urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 45. Foronya nataka iwe ya kipande kimoja kirefu kinachokunjwa, chenye ulimi unaoingia ndani kuuziba mdomo. Hesabu: 70 za uso, 70 za mgongo, 20 za ulimi, na sentimita 2 za upindo kila mwisho. Jumla 164. Upana ni 45 na sentimita 2 za mshono kila upande, jumla 49. Shuka la urefu wa sentimita 240 linakupa ukanda mmoja kila upande. Kila ukanda unatoa foronya moja na kubakisha sentimita 76, na hizo hutosha foronya ya mto wa mtoto mchanga: 30, na 30, na ulimi wa 12, na 4 za pindo. Shuka moja lililokufa, foronya mbili za wakubwa na mbili za wadogo. Kile kipande cha katikati ndicho sasa kiende kwenye deki, kimestahili.

Kwa nini ulimi, si zipu? Kwa sababu hewa ya bahari hula zipu. Mwaka haujapita imeshika kutu, kutu imetia doa, na doa la kutu halitoki kwa urahisi. Vifungo navyo hukatika, na visipokatika hukuchapa shavuni. Ulimi unagharimu nguo tu, na nguo tunayo.

Pinda kwanza zile ncha mbili fupi, upindo wa kukunja mara mbili. Tandaza, kunja kwa vipimo vile, uso wa nguo ukiwa nje. Naam, nje, kinyume na mlivyofundishwa skuli. Piga bandi, kisha shona pande mbili karibu na ukingo. Geuza ndani nje, shona tena mstari wa pili unaozimeza ncha zote za nyuzi. Geuza tena. Mshono wa namna hii hauna haja ya mashine ya kuziba kingo ambayo hakuna kijijini aliye nayo, na foronya yake hata ukiipiga juu ya jiwe haifumuki nyuzi. Kwa mkono, tumia uzi mara mbili, uupitishe kwenye mshumaa kabla ya kushona ili usijisokote, na kila baada ya hatua mbili tatu sindano irudi nyuma kidogo kukaza. Cherehani ya mkono inafanya kazi hiyo kwa muda wa kuchemsha chai, nayo haiulizi umeme. Ila itieni mafuta. Cherehani nyingi visiwani zimeuawa na kutu wala si kazi, na sindano pia: ichomeke kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo, la sivyo kesho itatoboa na kuchafua.

Leso ina mambo yake, na hapo ndipo akina mama wanapocheka.

Leso ni kama sentimita 150 kwa 110. Foronya yangu ya kukunja inataka 164, kwa hivyo leso haifiki. Suluhisho ni leso kuwa uso, na mgongo utoke kwenye shuka. Upana wa 110 unabeba vipande viwili vya 49, urefu wa 150 unabeba viwili vya 74, basi kwa hesabu leso moja nzima inatoa nyuso nne. Kwa hesabu. Maana jina la leso, yaani maneno yake, limeandikwa chini ya mji, ule uwanja wa kati, nalo liko katikati kabisa ya urefu, na ukikata leso katikati umelikata jina. Nimeona kitanda cha namna hiyo: nusu ya maneno iko kwenye mto wa mume, nusu kwenye mto wa mke, na mgeni akiingia chumbani kuweka zawadi ya mtoto anasimama kuyaunganisha. Asiyetaka hayo akate kipande cha jina peke yake, akipime kutoka katikati, jina likae sawa usoni mwa mto. Hapo upande wa chini unatoa uso mmoja badala ya mbili, na vipande viwili vya sentimita 38 vinabaki pembeni vikiwa na pindo zake. Hivyo ndivyo vya kufanyia ulimi. Ulimi wenye pindo la leso unaochungulia kwenye mdomo wa foronya nyeupe ni pambo ambalo hakuna duka linalouza.

Kuhusu jina lenyewe, nasaha yangu ni moja: soma kabla ya kushona. Leso za mafumbo zilinunuliwa kwa ajili ya jirani, si kwa ajili ya mto. Na kama limeshashonwa na maneno si ya kulalia, mama mmoja alinipa dawa yake: hugeuza mto. Akiwa na amani, upande wa shuka juu. Mumewe akirudi kutoka pwani akakuta jina limetazama dari, anajua.

Turudi kwenye kanzu, ila tupitie kwanza kwenye sufi. Mito ya zamani pwani ni ya sufi, na wengi bado tunaipenda kuliko sponji. Sufi haishiki joto kama sponji, lakini ina tabia yake. Nyuzi zake ni fupi, nyepesi, zinateleza, na kila uzi una uwazi ndani na nta ya kuumbwa nayo juu. Ndiyo maana hailowi upesi, na ndiyo maana zamani mabaharia wa dunia walivaa maboya yaliyojazwa sufi. Uzi unaoteleza hivyo hupenya nguo yoyote iliyolegea. Ukijaza sufi moja kwa moja ndani ya foronya ya leso, asubuhi unapiga chafya na nywele zako zina mvi ambazo hukulala nazo. Kwa hivyo mto wa sufi unataka mfuko wa ndani, uliofumwa kwa kukaza, ulioshonwa pande zote nne usifunguliwe. Zamani kilikuwa kitambaa cha merikani. Leo mgongo wa kanzu nzuri unafaa, na shuka la mitumba lenye uzi mzito linafaa zaidi. Mfuko huo haufuliwi, huanikwa juani. Kinachofuliwa ni foronya. Na kwa kuwa sufi hushika moto kwa kasi ya ajabu, mto wake usikae karibu na koroboi, sembuse katika nyumba ya makuti.

Kuna wasikizaji wataniambia, mbona unatufundisha umaskini? Swali hilo nalijua, na mara nyingi linaulizwa na vijana waliokulia mjini. Haya ya kutumia nguo mara ya pili ni ngeni kuliko kazi yenyewe. Katika magofu ya Shanga, kwenye kisiwa hiki hiki cha Pate, miaka ya 1980 wachimbuaji wakiongozwa na Mark Horton walikuta vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikasuguliwa vikawa duara, vikatobolewa katikati. Vilikuwa vya kutia kwenye kijiti cha kusokotea uzi. Chungu kimevunjika, kigae chake kikasokota pamba. Kilwa navyo vilipatikana. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba Waislamu wa Sofala, kusini zaidi, huchukua vitambaa vya rangi vya Cambay, Bara Hindi, wakavifumua uzi kwa uzi, wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe, wakauza kwa dhahabu. Hao hawakuwa maskini waliokosa nguo. Walikuwa wafanyabiashara. Na katika karne hiyo hiyo padri Francisco Monclaro alipopita pwani hii aliitaja Pate kwa vitambaa vyake vya hariri, vilivyotafutwa na miji mingine isiyoweza kuvifuma.

Hata leso ilianza kama mshono wa kuunga. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vya mraba, wakaviunga vitatu kwa viwili wakapata nguo moja ya kujifunga, kabla wafanyabiashara hawajaagiza nguo nzima iliyochapwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887, na bado watu wanalitafuta jina hilo ukingoni mwa leso. Merikani nayo ilikuja na merikebu za Salem, Massachusetts, katika nusu ya kwanza ya karne hiyo, na wafumaji wetu wakaanza kupungukiwa na kazi. Na huko huko Marekani, miaka ya 1930 hali ilipokuwa ngumu, wanawake walishona magauni na foronya kwa magunia ya pamba ya unga na ya chakula cha kuku, na wenye viwanda wakayachapa maua magunia yao ili wachaguliwe wao. Bengal wana kantha, tabaka za sari kuukuu zilizoshonwa pamoja, na sasa zinauzwa kwa bei inayotisha.

Inaudhi kidogo, lazima niseme, kwamba pamba inalimwa kwenye kaunti yetu yenyewe ya Lamu, kule Mpeketoni, na sisi ng'ambo ya maji tunalalia poliesta.

Nisisahau maji, maana Chundwa huwezi kuzungumza kufua bila kuzungumza maji. Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvichumvi, na watu hukinga mvua kwenye majabia. Foronya iliyosuuzwa kwa maji ya chumvi haikauki kabisa. Chumvi inabaki kwenye nyuzi na kuunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo usiku unapolala unahisi ubaridi wa umande shavuni, na kusi ikiingia ukungu unaota vidoa vyeusi. Sabuni yenyewe haitoi povu. Maji ya jabia ni ya kunywa na kupikia, hakuna anayeyamwaga kwenye karai la nguo ovyo. Lakini akina mama hufanya hivi: nguo zote hufuliwa kwa maji ya kisima, kisha foronya peke yake, kwa kuwa ni ndogo, hupata suuzo la mwisho la maji ya mvua, nayo ndoo haifiki nusu. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize foronya nyingi badala ya mbili. Ukiwa na sita, unafua mvua inaponyesha na kukaa wiki kadhaa bila kuomba maji kwa mtu.

Mwisho ni suala la kuuza, kwa kuwa najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga hesabu, na kwa kuwa kila semina ya akina mama visiwani lazima imalizike na neno biashara. Mimi sikubaliani na wanaowaambia wasichana wa Chundwa kwamba watajitajirisha kwa foronya za leso kuukuu. Nani atazinunua? Jirani ana leso zake kuukuu, na za mama yake, na sindano. Shela na Lamu mjini, ambako tanga lililochoka hushonwa mikoba na mgeni hulipa, mnunuzi yuko. Lakini kutoka Chundwa mpaka Shela ni boti ya kwenda na boti ya kurudi, na foronya tatu hazilipi boti.

Kinachouzika kijijini ni mshono. Mwenye cherehani isiyo na kutu, anayejua kupima nguo kwa mwanga, aletewe shuka na mwenyewe, alichane, alishone, alipwe kwa kila foronya, na kipande cha katikati amrudishie mwenye mali. Hahitaji mtaji wa vitambaa. Anahitaji uzi, mafuta ya cherehani na sindano za akiba, na hivyo hata boti ndogo kabisa inabeba. Msimu wake ni mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, wakati kila nyumba inatoa mito nje kuianika, na msimu wa harusi, ambapo mama wa bibi harusi hataki mto hata mmoja uonekane uchi. Atakayeanza asingoje mashuka yaletwe. Apite nyumba kwa nyumba, aombe aonyeshwe yaliyokusudiwa deki.